Breki za Land Rover Kuukuu ni Somo la Fizikia

Huko Kwashemshi, katika nchi ya mkonge ya Wilaya ya Korogwe, kama ilivyo Handeni na kwingineko nchini, Land Rover za zamani hazijaingia makumbusho. Zilizokusanyika Arusha Oktoba 2024 katika tamasha lao zilionyesha jinsi gari hili, lililoanza kutengenezwa mwaka 1948, lilivyokita mizizi kwetu. Maoni yangu ni kwamba Land Rover hiyo ni maabara iliyo kamili kuliko makabati mengi ya vifaa shuleni mwetu, na kwamba twafanya kosa kumwachia fundi peke yake. Nachukua mfano mmoja tu, yaani ukazaji wa breki.

Gari hilo lina breki za ngoma katika magurudumu yote manne. Ndani ya kila ngoma mna viatu viwili vyenye umbo la mwezi mchanga, vilivyovalishwa bitana ya kusuguana. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni ndogo, nazo huvitanua viatu mpaka viguse ngoma. Kiatu kinachotanuka kwa kuufuata mzunguko wa gurudumu huvutwa na msuguano, kikazidi kujibana chenyewe. Mwenzake husukumwa arudi nyuma. Katika Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, viatu vyote viwili vya kila gurudumu la mbele ni vya namna ya kwanza. Hushika barabara gari liendapo mbele, lakini likianza kurudi kinyumenyume mlimani nguvu hiyo hutoweka, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu nyingi zaidi. Ni wanafunzi wangapi waliokariri kanuni za msuguano wawezao kueleza jambo hilo?

Bitana ikilika, nafasi kati ya kiatu na ngoma huongezeka. Pistoni hazina budi kusafiri mbali zaidi, na kwa kuwa mafuta hayabanwi yakapungua ujazo, pedali nayo hushuka zaidi. Hapo ndipo dereva hujizoeza kukanyaga mara mbili. Mkanyago wa kwanza hutanua viatu. Kabla havijarudi, silinda kuu huvuta mafuta mengine, na mkanyago wa pili humalizia kazi. Watu husema gari "lina tabia hiyo". Halina tabia yoyote, linaomba kukazwa. Pedali ikipanda kwa mkanyago wa pili, mara nyingi kasoro ni nafasi ya viatu. Ikibonyea kama sponji, mna hewa katika mabomba. Ikizama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta yanavuja mahali fulani au mpira wa silinda kuu umechoka. Huo ndio uchunguzi wa kisayansi, nao hauhitaji chombo chochote ila mguu na akili.

Hatari yenyewe huonekana mteremkoni. Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara hushuka kiasi cha mita 900. Gari lenye uzito wa kilo 2,000 likishuka hapo hupoteza nishati ya jouli milioni 17 na zaidi. Kama injini haisaidii kulizuia, karibu nishati yote hiyo hugeuka joto katika breki, nalo ni joto litoshalo kufikisha madebe karibu matatu ya maji ya kawaida kwenye mchemko. Ngoma ya chuma yenye kipenyo cha inchi 11, joto lake likipanda kwa nyuzi 250 za Selsiasi, hutanuka kipenyo kwa takriban robo tatu ya milimita. Ni kidogo, lakini kwa gari ambalo viatu vyake vilikuwa mbali tangu asubuhi, kiasi hicho ndicho kinachoifikisha pedali sakafuni.

Kukaza kwenyewe si kazi kubwa, ingawa ina mtego ambao ningependa kila mwalimu auulize darasani. Katika Land Rover hizi breki ya mkono haishiki magurudumu. Hushika propela inayokwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huruhusu lile lililo hewani lizunguke upande mmoja na lililo chini upande mwingine, hata propela ikiwa imefungwa kabisa. Gari laweza kubingirika na kumwangukia aliye chini. Kwa hiyo egesha mahali tambarare, weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu yaliyo chini, tegemeza ekseli kwa stendi, kisha legeza breki ya mkono na uondoe gia. Ngoma na iwe baridi: ukikaza ikiwa moto, ikipoa itasinyaa na kuvibana viatu. Zungusha gurudumu kwa mkono huku ukigeuza bolti ya kurekebishia kwa spana mpaka likwame. Kanyaga pedali viatu vikae sawa. Kaza tena, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke bila kizuizi. Gurudumu la upande wa pili lifanyiwe vivyo hivyo, ama sivyo gari litavuta upande mmoja.

Wapo wanaoziba bomba la gurudumu linalovuja, na wapo wanaotia mafuta ya injini badala ya mafuta ya breki, wasijue kuwa huvimbisha mipira na kuiharibu. Siwacheki, hakuna aliyewaeleza. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule nyingi zilielewa jembe tu. Spana nayo ilikuwamo katika fikra hiyo, na mwalimu wa fizikia angeweza kumwalika fundi wa jirani kwa saa mbili, mmoja aeleze nguvu na joto, mwingine aonyeshe mkono unavyohisi.

Siku hiyo wanafunzi wasipulize vumbi lililo ndani ya ngoma, wala wasilifagie likiwa kavu. Bitana nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu, saratani ikiwamo, baada ya miaka mingi. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, kisha kitambaa kifungwe katika mfuko kingali kimelowa.