Mgonjwa wa Saratani ya Matiti Asikimbiwe

Watu wengi hufikiri kwamba kumponya mgonjwa ni kazi ya daktari peke yake. Mimi sikubali. Katika ugonjwa wa saratani ya matiti, mume, jirani na hata mtoto wana kazi yao, nao wakiiacha, kazi ya daktari huharibika.

Hapa Mwanza ugonjwa huu hutibiwa katika Hospitali ya Bugando, kule mlimani. Mgonjwa haendi mara moja tu. Mara nyingi hutiwa dawa mshipani kila baada ya majuma matatu, kwa miezi kadhaa. Mfikirieni mama wa Ukerewe: kila zamu avuke ziwa kwa meli, apande mlima, kisha arudi nyumbani amelegea na kichefuchefu. Nani atawapikia watoto? Nani atamwuzia dagaa wake?

Tena baadhi ya dawa hizo huangusha nywele, na wagonjwa wengine hukatwa titi. Hapo ndipo ndimi za watu huanza. Wako wasemao amerogwa. Wako wasemao si mwanamke tena. Akina mama wakisikia hayo huficha uvimbe, na wengi katika nchi yetu hufika hospitali ugonjwa umekwisha kuenea. Basi mzaha wa kisimani waweza kuua.

Nauliza: sisi wanafunzi twanyoa vichwa, wala hakuna atuchekaye. Kwa nini kichwa cha mama mgonjwa kiwe kichekesho? Nywele zake kwa kawaida huota tena dawa zikiisha. Titi halioti, lakini kovu likipona aweza kuvaa ndani ya sidiria kifuko laini cha kitambaa kilichojazwa pamba. Pamba ni zao la Usukuma, na kushona twajua.

Mwaka 1974 Betty Ford, mke wa Rais wa Marekani, alikatwa titi wala hakuficha. Wanawake wengi wakapata moyo wa kwenda kupimwa.

Wengine watasema ni aibu mwanafunzi kuandika mambo haya. Nawajibu kwa methali yetu: mficha maradhi kifo humwumbua.

Basi, akina baba, wasindikizeni wake zenu hospitali. Nasi wanafunzi, likizo ikifika, tumchotee maji jirani aliye mgonjwa na kumwanikia dagaa wake, bila kungoja kuombwa.