Mahindi Yenye Kuvu Tusiwape Mbuzi

Kila mwaka baada ya mavuno tunachambua mahindi. Mazuri tunayaweka ghalani. Yenye kuvu tunawamwagia mbuzi. Tunasema, "Mbuzi hula kila kitu." Wafugaji wengi hapa Endagikot huona kwamba huko ni kubana matumizi. Mimi naona ni hasara.

Kuvu hutengeneza sumu. Sumu hiyo huitwa sumukuvu, nayo ni ya aina nyingi. Aina moja huitwa zearalenoni. Hutoka kwenye kuvu inayopenda mahindi yaliyonyeshewa, hasa penye baridi na unyevu.

Sumu hii haimwui mbuzi upesi. Huharibu uzazi wake. Mwilini mwa mbuzi jike mna homoni. Homoni ni kama mjumbe anayepita ndani ya damu. Hupeleka habari kwamba wakati wa joto umefika, au kwamba mimba itunzwe. Zearalenoni hufanana na homoni ya kike. Ikiingia mwilini, ni kama mjumbe mwongo. Mbuzi anaweza kupata joto ovyo, au kupandwa asishike mimba. Tena, vijidudu vya tumboni mwa mbuzi huigeuza sehemu ya sumu hii ikawa kali zaidi.

Nguruwe huonyesha dalili mapema kuliko mbuzi. Uke wake huvimba kama yuko katika joto, kumbe hayuko. Na huko New Zealand, kondoo waliokula nyasi zenye sumu hii walizaa wana wachache.

Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Asiposhika mimba, hakuna mwana, hakuna maziwa, hakuna fedha za daftari za watoto. Tunamwita tasa, tunamwuza. Wengine humshuku jirani kuwa ana jicho baya. Ujirani unaharibika, na huenda sumu tulimlisha wenyewe!

Sisemi kwamba kila utasa hutokana na kuvu. Yako magonjwa ya kutupa mimba, na mengine huambukiza watu. Mbuzi akitupa mimba, usimguse mtoto huyo kwa mikono mitupu. Mwite ofisa mifugo.

Mtu atauliza, "Je, tutupe chakula na njaa ipo?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba tuzuie kuvu isiote. Tuvune mara mahindi yakikomaa. Tuyaanike juu ya turubai, si juu ya udongo. Tuyachambue kabla ya kupukuchua. Magunia tuyaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Yenye kuvu tuyafukie. Tusiyapikie pombe wala uji, maana moto wa jikoni hauimalizi sumu.

Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumukuvu ya aina nyingine, iitwayo aflatoksini. Kiteto, wilaya ya mkoa wetu, ilikuwamo. Basi jambo hili si la mbuzi peke yao. Mahindi yasiyomfaa mtoto wako hayamfai mbuzi wako.

Tujadiliane: Mwaka huu mahindi yetu yenye kuvu yalikwenda wapi? Mbuzi wangapi hawakuzaa?