Katuni zetu zinaongea Kiswahili. Mtoto wa Geita je?

The Lion King (1994) ilichukua majina yetu, Simba na Rafiki, bila kuonyesha binadamu hata mmoja. Mwaka 2014 Ubongo Kids ya Dar es Salaam ikaleta watoto wa Kiafrika kwenye runinga. Akili wa Akili and Me anaishi chini ya Kilimanjaro.

Safi. Ila Kanda ya Ziwa bado inadai.

Shinyanga na Geita, imani kwamba viungo vya mtu mwenye ualbino vinaleta utajiri imeua watu. Watoto wakahifadhiwa Buhangija.

Sheria humkamata muuaji baada ya tukio. Katuni humfikia mtoto kabla hajameza uongo huo. Mhusika mwenye ualbino, mwenye kofia na utani wake, si pambo. Ni kinga.