Baba Akiwa Baharia wa Mwanawe



Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa baba mmoja wa hapa hapa Dar es Salaam, ambaye amenisihi nisimtaje jina wala mtaa. Nitasema hivi tu: ana karakana ndogo ya kuchomelea vyuma, ana umri wa miaka 56, na ana kijana wa kiume wa miaka 23 aliyemaliza chuo cha ufundi mwaka juzi. Mwandiko wake ni wa zile enzi ambazo mtoto akiandika ovyo alirudishwa ubaoni mbele ya wenziwe. Barua yenyewe ni ndefu, lakini shina lake ni dogo. Karakana imepata kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata, ya milango na madirisha ya jengo la ghorofa tatu. Kijana ndiye aliyeipata, ndiye anayeisoma michoro, ndiye anayezungumza na mhandisi. Basi jioni moja, baada ya chakula, akamwambia babaye kwa adabu zote: "Baba, kazi hii naomba niongoze mimi, wewe unisaidie."

Mama akanyamaza. Ndugu za baba, walipopata habari, hawakunyamaza. Mmoja wao akasema kuwa huo ndio mwanzo wa kupinduliwa katika nyumba yako mwenyewe. Sasa mzee mwenzangu huyu, ambaye kwa siku nne hakusema lolote na mwanawe ila kuitikia shikamoo, ananiuliza: "Je, mwandishi, baba akipokea amri kwa mwanawe, ubaba wake unabaki wapi?"

Swali kama hili halijibiwi kwa pupa. Nimelala nalo siku tatu. Hatimaye zile hesabu mbili, 56 na 23, ndizo zilizonipa njia. Maana katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1948 ilikuwako mashua moja ya matanga iliyochukua watu wawili tu, mmoja wa miaka 56 na mwingine wa miaka 23, nao walikuwa baba na mwana.

Michezo hiyo ilifanyika Uingereza, miaka mitatu tu baada ya vita. Mkate ulikuwa ndiyo kwanza umetoka katika mgao, na nyama na sukari bado zilipimwa kwa kadi. Mashindano ya matanga hayakuwa London bali Torquay, mji wa pwani ya kusini-magharibi, na wakimbiaji waliupokezana mwenge kwa miguu kutoka London hadi huko ili nao mabaharia wawashiwe moto wao.

Mashua ninayoisema ni ya aina iitwayo Star, yaani Nyota. Aina hiyo ilibuniwa Marekani, na za kwanza zilianza kuelea mwaka 1911. Urefu wake haufiki mita 7. Ina mlingoti mrefu mwembamba na matanga mawili, kubwa na dogo, tena makubwa mno kwa chombo cha kadiri ile. Wewe uliyezaliwa pwani utauliza mara moja: mbona haipinduki? Ngalawa yetu huokolewa na mirengu yake pande mbili. Jahazi huokolewa na shehena, au ikiwa tupu, na farumi ya mawe tumboni. Star haina mirengu wala mawe. Ina mkuku uliochomoza chini kama pezi la samaki, na mwisho wa pezi hilo pamefungwa pande la chuma. Uzito wa mkuku huo ni karibu kilo 400, zaidi ya nusu ya uzito wa mashua nzima. Upepo ukiliinamisha tanga, chuma kilichoko chini ya maji huivuta mashua isimame tena. Pia pezi lile huizuia kusukumwa ubavu, na ndiyo maana mashua za mkuku huweza kupiga bisha na kuukaribia upepo kwa namna ambayo ngalawa haiwezi. Mimi niliwahi kupanda ngalawa mara moja tu, nikarudi nimelowa hadi kofia, na tangu siku hiyo sina neno baya juu ya mirengu.

Sasa tazama kazi za watu wawili waliomo. Mmoja ni nahodha. Hushika kana ya usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kubwa kwa mkono wa pili, naye ndiye anayeamua njia. Wa pili ni baharia. Huyu hulitunza tanga dogo. Upepo ukizidi, huutoa mwili wake nje ya mashua upande wa joshi, akaning'inia juu ya maji yanayompiga usoni, kwa kuwa uzito wake nao ni farumi. Mashua ikigeuka, yeye huna budi kurudi ndani, kuinama chini ya boriti la tanga, kulegeza kamba hii na kukaza ile, kisha kujitupa upande wa pili, yote hayo kwa muda wa pumzi mbili. Ikifuata upepo wa nyuma, husimama kulitandaza tanga dogo kwa mti, huku chombo kinayumba. Magoti huchubuka, viganja huungua kwa kamba. Lau ingekuwa lori, nahodha ndiye dereva, na huyu tungemwita utingo.

Nadhani umekwisha kumpangia kila mtu nafasi yake: mzee wa miaka 56 kwenye kana, kijana kwenye kamba. Sivyo ilivyokuwa. Nahodha alikuwa kijana, Hilary Smart wa Marekani. Utingo alikuwa babaye, Paul Smart.

Na kana kwamba bahari ilitaka kutuwekea mfano kamili, katika mashindano yale yale, ya mashua zile zile, ilikuwapo pia mashua ya Kuba. Nayo ilichukua baba na mwana wa jina moja, Carlos de Cárdenas mkubwa na Carlos de Cárdenas mdogo. Wao walikaa kama wewe na mimi tungalivyokaa: baba akashika usukani, mwana akashika kamba.

Hebu kwanza niseme kijana hufikaje kwenye kana. Hapewi siku ya kwanza. Katika mashua hizi mwanafunzi huanza kwa kukaa anapoambiwa na kutotia mkono pasipomhusu. Kisha hupewa tanga dogo, akajifunza kulikaza hata likome kupapatika, wala asipitilize likakosa uhai. Baadaye ndipo hufundishwa kuusoma upepo kabla haujafika: weusi unaotambaa juu ya maji, moshi wa nchi kavu umelalia wapi, matanga ya wenzake yameinama kiasi gani. Hujifunza sheria za njia, mojawapo ikiwa kwamba mashua mbili zikikutana, ile inayopokea upepo kutoka kushoto humpisha mwenye upepo wa kulia, naye asipopisha hulipia kosa lake. Yote hayo mtu aweza kuyakariri kwa msimu mmoja. Lisilokaririwa ni mwanzo wa mbio.

Maana mashua haiwezi kusimama na kungoja kama mkimbiaji. Mstari wa kuanzia ni mstari wa fikira tu, kutoka chombo cha waamuzi hadi boya, na mashua zote huzungukazunguka nyuma yake zikihesabu dakika, kila moja ikiwania kuufikia katika sekunde ile ile mzinga unapolia, tena kwa mwendo wa kasi. Ukiutangulia mzinga, unarudi kuanza upya huku wengine wanakwenda. Ukichelewa, unakula upepo uliochakazwa na matanga ya waliotangulia. Katika sekunde zile nahodha akisema "Twende," na baharia, kwa kuwa ndiye aliyemzaa, akasema "Ngoja kwanza," hapana atakayekuwa na kosa peke yake, na mashua haitakwenda wala haitangoja. Wahenga wa pwani walikwisha kulisema: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Hawakusema nahodha awe na mvi.

Zilikuwa mbio saba, na kila mashua ilihesabiwa alama za mbio zake sita zilizo bora. Hilary na babaye wakapata medali ya dhahabu. Baba na mwana wa Kuba wakapata ya fedha. Waholanzi wakachukua ya shaba.

Najua vijana wanaosoma safu hii wamekwisha kuikunja gazeti ili wakamwonyeshe baba. Ngojeni kidogo. Yule baba wa Kuba, aliyeshindwa na kijana, hakuuacha usukani. Mwaka 1954 akawa bingwa wa dunia wa mashua za Star, akiwa yeye ndiye nahodha, na mwaka 1955 akaushinda ubingwa huo tena. Tena aliyekuwa wa nne kule Torquay, nyuma ya Waholanzi, alikuwa Durward Knowles, rubani wa bandari ya Nassau katika visiwa vya Bahama, ambaye siku zile alipeperusha bendera ya Uingereza kwa kuwa kwao lilikuwa koloni. Huyu mtu wa kazi hakuchoka. Mwaka 1956 alipata shaba, na mwaka 1964, huko Japani, akiwa na miaka 46, yeye na mwenzake Cecil Cooke wakaipatia Bahama dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Kwa hiyo hao baba wadogo waliopandisha sauti katika nyumba ya mzee mwenzangu nao wana mashahidi wao.

Umri haumwondoi mtu kwenye usukani, wala haumweki. Mimi nauona uzito wa habari ya Paul Smart mahali pengine. Kukaa kando na kumwachia kijana ni jambo ambalo wazee wengi wetu tumelifanya, hasa magoti yalipoanza kuuma, na aghalabu tumelifanya kwa kununa. Yeye hakukaa kando. Aliingia ndani ya mashua ile ile, akashika kazi iliyo ngumu zaidi ya mwili, akalowa. Fikiri, msomaji: kama angalibaki pwani na darubini, heshima yake isingeguswa na mtu, ila mwanawe angekuwa na baharia mwingine.

Mabinti nao wasidhani nimewasahau. Kule Torquay alikuwapo pia kijana wa Denmark, Paul Elvstrøm, mwenye miaka 20, aliyeshindana peke yake katika kimashua cha mtu mmoja. Mbio ya kwanza alijitoa, lakini mwishowe akashinda dhahabu, ya kwanza kati ya dhahabu nne. Huyo huyo alirudi katika Olimpiki ya mwaka 1984 naye akiwa na miaka 56, na mwenzake ndani ya chombo alikuwa binti yake Trine. Walikuwa wa nne.

Sasa nikugeukie wewe, mzee mwenzangu mwenye karakana. Umeniuliza ubaba unabaki wapi. Nami nakuuliza: katika kazi hii ya ghorofa tatu, ni nani anayeuona upepo kabla haujafika? Umeandika mwenyewe kwamba ile michoro hukuielewa hadi kijana alipokueleza. Lakini pale chini kabisa, baada ya sahihi yako, umeongeza kwa herufi ndogo kwamba vipimo vyake ni sawa, ila "mshono wake bado una matundu." Sentensi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko barua nzima. Michoro na mhandisi, mwachie. Mishono ishike wewe, kila dirisha, na mlango usitoke karakanani kabla hujaupitia kwa mkono wako. Ukiona jambo, mwambie, kama baharia anavyomwambia nahodha kuwa kuna mashua inakuja upande asiouona. Ukishasema, mwache aamue. Na hao ndugu zako waambie waje Jumamosi washike tindo.

Nawe kijana, najua utaisoma safu hii, maana babako amesema gazeti hugombaniwa nyumbani kwenu. Katika mashua zile nahodha hageuzi tu kwa kuwa kana iko mkononi mwake. Kabla ya kugeuka huuliza, "Tayari?" Kisha hungoja baharia aitike. Asipouliza, lile boriti la tanga huruka upande wa pili kwa nguvu zote za upepo, na kichwa kilichoko njiani ni cha mwenzake. Basi asubuhi, kabla hujabadili kipimo au hujaahidi siku kwa mhandisi, mwamkie babako, kisha umwulize. Ungoje aitike.

Mzee mwenzangu, madirisha yakikwisha kupandishwa, niandikie tena. Kama mtaweza, barua hiyo aiandike yeye, nawe uweke maneno yako pale chini, kwa herufi ndogo.