Kesi kutupwa si sawa na kushindwa kesi

Wadau, kuna jambo watu wanalichanganya sana kila tukizungumzia waathirika wa mabomu ya Agosti 7, 1998. Utasikia mtu anasema, "Si waliishitaki Marekani wakashindwa? Basi yaishe." Hapana jamani. Hawakushindwa. Hawakusikilizwa.

Baada ya mlipuko wa Nairobi ulioua watu zaidi ya 200, Wakenya walifungua kesi Washington dhidi ya serikali ya Marekani yenyewe. Hoja yao: mlijua ubalozi wenu uko hatarini, hata balozi wenu Prudence Bushnell aliwaandikia kabla, na hamkuchukua hatua za kutosha. Mwaka 2002 mahakama ya shirikisho ikaitupa kesi, 2003 mahakama ya rufaa ikaunga mkono. Sababu? Eti mahakama haina mamlaka ya kuisikiliza.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Serikali ya kule haishitakiwi mpaka yenyewe ikubali. Sheria ya mwaka 1946 inaruhusu ishitakiwe kwa uzembe wa watumishi wake, lakini imeacha nje maamuzi ya kisera na makosa ya makontrakta. Ulinzi wa balozi, yaani pesa zianzie wapi, mahakama ikasema hiyo ni sera. Walinzi wa getini nao walikuwa wa kampuni binafsi. Mlango ukafungwa, na swali la kama kweli kulikuwa na uzembe halikuamuliwa na mtu yeyote.

Linganisha na kesi za Sudan. Mwaka 2008 Bunge la Marekani lilibadili sheria, hata wageni walioajiriwa na serikali yake wakaweza kuishitaki nchi iliyotajwa kuwa mfadhili wa ugaidi. Mwaka 2020 Sudan ikakubali kulipa dola milioni 335. Lakini karani wa jengo la Ufundi lililoporomoka pale jirani, au mama aliyekuwa anapita njia tu? Sheria hiyo haimgusi. Bomu lile lile, damu ile ile!

Kwa hiyo tuache kuwalaumu majaji peke yao. Ufunguo uko kwa Bunge lao, na wabunge husikia wanaowapigia kelele. Viongozi wetu wakienda Washington wasiende kupiga picha tu, wabebe na hili.

Naomba kuwasilisha. Nyie mnasemaje?