Shilingi ya Januari na Shilingi ya Novemba

Maharage yauzwayo sokoni Ngara mwezi Januari na yale yauzwayo mwezi Novemba ni maharage yale yale, huchemshwa kwa muda ule ule na hushibisha tumbo lile lile. Lakini shilingi iyanunuayo si moja. Shilingi ya Januari ni nene, ile ya Novemba imekonda. Mfanyakazi wa mjini, awe mwalimu, muuguzi, karani au dereva, hupokea mshahara ulio sawa kila mwezi, na kwa sababu hiyo huelekea kuamini kwamba na chakula nacho kinunuliwe kwa kiasi kilicho sawa kila mwezi. Katika imani hiyo hupotea fedha nyingi za nyumba.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya sabini serikali ilipanga bei za mazao makuu kwa nchi nzima, na tangu mwaka 1973 palikuwa na Tume ya Bei iliyopanga bei za bidhaa nyingi, kuanzia unga hadi sabuni. Katika zama hizo mtu hakuhitaji kuujua mwezi wa bei nafuu. Alihitaji kuijua siku ya kufika lori. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, bidhaa zilipoadimika, ujuzi mkubwa wa mama wa nyumba ulikuwa ni kuwahi foleni. Baada ya biashara kuanza kulegezwa mwaka 1984, foleni zilipungua na kalenda ikachukua nafasi yake. Cha ajabu ni kwamba wengi wetu bado tunanunua kama tunaongojea lori: bidhaa ikionekana, tununue; fedha ikiwapo, tuimalize.

Basi tuitazame kalenda ya wilaya hizi mbili, Ngara na Biharamulo. Mvua za vuli huanza mwezi Septemba, na maharage yaliyopandwa kwa mvua hizo huvunwa kati ya Desemba na Januari. Mvua za masika huanza Februari au Machi hadi Mei, na mavuno yake ya maharage huingia sokoni Mei na Juni. Mahindi hufuata nyuma kidogo, mara nyingi Januari na Februari, kisha tena Juni na Julai. Kwa hiyo yako majira mawili ya kununua na majira mawili ya kukaa kando: Aprili, kabla ya mavuno ya masika, na Oktoba na Novemba, wakati mkulima mwenyewe naye anatafuta mbegu ya kupanda na kushindana nawe mbele ya gunia lile lile.

Aidha, wilaya hizi zina jirani. Ngara imepakana na Rwanda kwa Rusumo na Burundi kwa Kabanga, na barabara itokayo bandari ya Dar es Salaam hupita Lusahunga, katika Biharamulo, kabla ya kufika mpakani. Mahali penye barabara kubwa na nchi mbili jirani, bei haisikilizi matumbo ya wenyeji peke yao. Ngara ililijua jambo hilo kwa namna ya kutisha siku za tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walipovuka daraja la Rusumo wakikimbia mauaji ya Rwanda. Katika miaka iliyofuata, hadi wakimbizi wengi waliporejea kwao Desemba 1996, bei ya ndizi na maziwa ilipanda, ilhali mahindi na maharage ya msaada yakitoka makambini na kuingia masokoni. Leo hali ni tulivu, lakini kanuni haijabadilika. Na kwa kuwa majira ya mavuno ya Rwanda na Burundi yanakaribiana sana na yetu, uhaba wao huja pamoja na uhaba wetu. Mwenye kungoja Novemba kwa tumaini la maharage ya ng'ambo atangoja sana.

Sasa hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mwezi ambao maharage ni rahisi ndio mwezi ambao mfanyakazi hana fedha. Mshahara wa Desemba umeliwa na sikukuu, na Januari watu huitania kuwa ina siku tisini. Watoto wanarudi shule. Ni kweli kwamba ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na kwa kidato cha tano na sita tangu 2022. Lakini sare haijafutwa, wala viatu, wala madaftari, wala nauli ya mwanafunzi wa bweni. Hivyo mkulima anashusha gunia sokoni, mfanyakazi analipita akielekea kwa fundi cherehani, na mwenye mtaji analichukua, analihifadhi, kisha anamuuzia mfanyakazi yule yule mwezi Aprili kwa kisado. Msimwite mlanguzi haraka. Amefanya kwa ajili yenu kazi ambayo mlikuwa na uwezo wa kuifanya wenyewe, na amejilipa.

Wakulima wa kahawa wa Mkoa wa Kagera wanalo neno, butura, maana yake kuuza kahawa ingali mtini, hata ingali maua, kwa bei ya kutupa, kwa sababu shida imebisha hodi kabla ya mavuno. Viongozi wameipiga vita butura kwa miaka mingi, na sisi wa mijini humhurumia mkulima afanyaye hivyo. Lakini kila achukuaye unga na sukari kwa daftari la dukani mwanzoni mwa mwezi, huku mshahara ukingali mbali, anafanya butura ya mshahara wake. Mkopaji hachagui duka, hapatani bei, hapewi nyongeza. Siku mshahara utokapo si wake tena.

Tupige hesabu ya mfano tu, kila mtu aweke bei za soko lake. Familia ya watu sita inapika kilo 20 za maharage kwa mwezi. Tangu Februari hadi Mei ni kilo 80. Tangu Julai hadi Desemba ni kilo 120. Tuseme kilo huuzwa shilingi 1,600 wakati wa mavuno, na kwa miezi mingine, zikichanganywa za kupanda na za kushuka, ni shilingi 2,100. Tofauti ya shilingi 500 kwa kilo 200 ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Ni zao moja tu hilo. Mahindi bado.

Fedha ya kununulia kilo 80 itoke wapi mwezi Januari? Haitoki Januari, inatoka Agosti. Familia nne za majirani au za wafanyakazi wa ofisi moja zikichanga shilingi 27,000 kila moja kwa mwezi, tangu Agosti hadi Desemba, zitakuwa na shilingi 540,000. Kilo 320 kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 512,000, na shilingi 28,000 zilizobaki zitasaidia usafiri na mifuko ya kuhifadhia. Asiyeweza kiasi hicho aanze na nusu yake. Upatu wa kawaida humpa mmoja fedha zote leo na mwingine kesho. Huu uwe upatu ambao wote hupokea siku moja, nao hupokea chakula. Mtunza fedha awe yule ambaye hata wakati wa msiba hatazigusa, na jambo hilo lisemwe mapema bila haya, maana vikundi vingi huvunjika kwa aibu kuliko kwa wizi.

Faida nyingine ya kununua pamoja ni kwamba mnaweza kumtuma mmoja wenu hadi kwenye magulio ya vijijini, upande wa Rulenge kwa watu wa Ngara au Nyakahura kwa watu wa Biharamulo, mkanunua kwa mkulima mwenyewe. Katika bajeti ya 2017/18 serikali iliondoa ushuru wa kusafirisha kutoka halmashauri moja kwenda nyingine mazao yasiyozidi tani moja, hivyo kilo 320 za chakula cha nyumbani hazikulengwa na ushuru huo. Lakini nendeni na mizani. Kisado na debe ni vipimo vya ujazo, na ujazo hutegemea mkono wa mpimaji: kopo lililobonyea ndani halitoi sawa na kopo zima, na maharage mabichi huwa mazito kuliko yaliyokauka, hivyo mwenye kununua kwa kilo maharage yasiyokauka ananunua maji. Hali kadhalika lumbesa, lile gunia lenye kilemba juu, ni kinyume cha sheria ya vipimo. Mnunuzi huiona kuwa ni bahati. Mkulima aliyepunjwa huijua ilivyo. Tukitaka mizani ya haki tunapouziwa, tuikubali tunaponunua.

Chakula kikishafika nyumbani, adui ni unyevu na mdudu. Kwa mahindi upo ule mdudu aitwaye dumuzi, ambao watu wengi huuita skania, ulioripotiwa kwetu kwanza mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya themanini; kwa maharage wapo fukuzi. Mifuko ya PICS, yenye tabaka mbili za nailoni ndani ya gunia la kawaida, huzuia hewa hata mdudu akafa bila dawa, mradi kila tabaka lifungwe peke yake kwa nguvu. Msiweke akiba yote katika mfuko mmoja utakaofunguliwa kila Jumamosi. Gawanyeni, na mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na panya, maana tundu moja la panya huharibu kazi yote.

Mahindi yasiyokauka hayafai kufungwa kabisa. Jaribio lake ni rahisi: weka mahindi na chumvi kavu katika chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikigandamana na kioo, yarudi juani. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondoki kwa kupika, na mahindi ya bei nafuu yenye ukungu ni ghali kuliko yote.

Tuje kwenye kitoweo. Dagaa wa Ziwa Victoria hufika Biharamulo kutoka pwani ya Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo kabla ya kumegwa na hatimaye kuingia Mkoa wa Geita mwaka 2012. Kalenda ya dagaa haiandikwi na mvua pekee, bali na mwezi wa angani. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi dagaa hupungua na bei hupanda, na siku za giza, baada ya kuanikwa na kusafirishwa, hujaa sokoni. Mama aliyezoea kununua dagaa tarehe ya mshahara tu, bila kutazama juu, mara atapata rahisi na mara ghali, naye atalaumu muuzaji. Dagaa waliokauka vizuri juani hukaa wiki nyingi. Wa msimu wa mvua wanuswe kwanza, kwani wengi huwa wamenyeshewa wakiwa mchangani.

Mengine nitayapita upesi. Viwanda vya sukari husimama katika mvua za masika, na mapema mwaka 2024, mvua kubwa zilipozuia uvunaji wa miwa, sukari iliadimika hata Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi. Kilo mbili tatu za ziada kabla ya masika ni busara, gunia zima chini ya kitanda ni kumnyima jirani. Mkaa ununuliwe Agosti, njia zingali kavu. Bei kikomo za mafuta hutangazwa na EWURA Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, wilaya kwa wilaya, hivyo mwenye pikipiki asikie kwanza, ndipo aende kituoni. Nyanya na mchicha vinunuliwe jioni, muuzaji akiwa hataki kuvirudisha nyumbani, lakini ni vya kupika usiku ule.

Kuhusu tangazo la punguzo la bei dukani, tazameni tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutazama bei. Maziwa ya unga na mafuta ya kupikia hushushwa bei kwa sababu, na mara nyingine sababu yenyewe imeandikwa chini ya kopo kwa herufi ndogo. Tena muulizeni mwenye duka bei ya kitu hicho wiki iliyopita; anayesema kweli hujibu bila kusita.

Na sare za shule zishonwe Oktoba. Fundi huwa hana kazi nyingi, hupatana bei, na huacha upindo mrefu wa kutosha kwa mtoto anayerefuka. Januari yule yule hana muda hata wa kupima mabega.