Ishara za Mbinguni na Jiko la Parkes

Katika mkesha wa maombi niliohudhuria mwaka juzi, mhubiri mgeni alitutangazia kwamba wanasayansi wamenasa sauti kutoka mbinguni: milio ya redio inayodumu chini ya sekunde moja, inayotoka mbali kuliko nyota zote tunazoziona, na ambayo maprofesa wote wameshindwa kuieleza. Kisha akatuuliza kama sisi tunaoyajua Maandiko hatujui mwenye sauti hiyo ni nani. Vigelegele vilitikisa bati. Mimi, mwalimu wa fizikia na mzee wa kanisa, nilipiga makofi mawili matatu ili nisionekane baridi. Naandika kwa sababu ya makofi yale.

Milio hiyo ipo kweli. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake, akiwamo mwanafunzi wake David Narkevic, walitangaza kwamba katika kumbukumbu za darubini ya redio ya Parkes, huko Australia, wamekuta mlio mmoja mkali wa Julai 2001, uliodumu chini ya sehemu tano za elfu moja za sekunde. Kilichowashtua ni namna ulivyofika: mawimbi ya masafa ya juu yalitangulia, ya masafa ya chini yakafuata. Elektroni zilizotapakaa angani huyachelewesha mawimbi ya redio, hasa yale ya masafa ya chini. Ucheleweshaji ule ulikuwa mkubwa mno kusababishwa na elektroni za galaksi yetu peke yake. Mlio ulitoka nje, mbali sana.

Sasa angalieni walichofanya, maana hawakuitisha mkesha. Palepale Parkes kulikuwa na milio mingine iliyofanana na huo, yenye ucheleweshaji kama ule, wakaipa jina la peritoni. Lakini hiyo ilinaswa na macho yote 13 ya kipokezi kwa pamoja, kama kitu kilicho karibu, tena ilipenda kuja saa za kazi, kwenye muda wa chakula cha mchana. Ikaanza kuutia shaka hata mlio wa Lorimer. Mwaka 2015 Emily Petroff na wenzake waliifuatilia mpaka wakafika jikoni. Ilikuwa ni maikrowevu ya kituo. Mtu mwenye njaa akifungua mlango kabla jiko halijazima lenyewe, mawimbi yalitoroka, na darubini, ikiwa imeelekea upande unaofaa, iliyapokea kana kwamba yametoka angani.

Waliyaandika hayo na kuyachapisha, majina yao yakiwa juu. (Ninazijua kamati za uamsho ambazo zingeliuza lile jiko usiku uleule.) Na mlio wa Lorimer ulibaki, kwa sababu jiko halikuweza kuueleza. Mwingine ulinaswa mwaka 2012 kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico. Ulipojirudia, chanzo chake kikatafutwa, na mwaka 2017 kikaonyeshwa kuwa katika galaksi ndogo, umbali wa miaka ya nuru bilioni tatu hivi.

Ugomvi wangu na mhubiri si kwamba alimtaja Mungu. Ni kwamba alimpangishia Mungu chumba mahali ambapo maprofesa wameishiwa maneno, na chumba hicho hupungua kila mwaka. Alikuwa amechelewa hata kwa habari yenyewe. Tarehe 28 Aprili 2020 mlio wa namna hiyo ulitoka ndani ya galaksi yetu, kwenye mabaki ya nyota yenye nguvu kubwa mno ya sumaku. Si milio yote iliyokwisha kuelezwa. Lakini aliyeupigia vigelegele ujinga wetu atapiga nini tukishajua? Mwaka huohuo Jean-Pierre Macquart na wenzake waliutumia ucheleweshaji uleule kupima maada ya kawaida ambayo kwa muda mrefu ilikosekana katika hesabu za ulimwengu. Huo ni utajiri wa uumbaji ambao mhubiri hakuugusa.

Nitaambiwa kwamba hata wao hukisia makubwa. Mwaka 2017 wawili wa Harvard waliandika kwamba huenda milio hiyo inatoka kwa viumbe wengine wanaosukuma vyombo vyao angani. Ni kweli. Waliweka na hesabu zao mezani, mwenye uwezo azivunje. Sisi tunayemuuliza shahidi swali tunamwita asiye na imani, ingawa Paulo aliwaagiza Wathesalonike kupima mambo yote, na Tomaso hakufukuzwa chumbani. Amri ya kutoshuhudia uongo haina kifungu kinachosamehe uongo unaomsifu Mungu.

Usiku uleule, baada ya sauti ya mbinguni, mama mmoja wa usharika wetu alisimama akashuhudia kwamba kisukari kimeondoka na sindano hazihitaji tena. Hakuna aliyeuliza amepimwa wapi, wala lini. Mhubiri alimwekea mkono, nasi tukapiga makofi yaleyale. Wiki tatu baadaye tulimpeleka hospitali kwa gari la mchungaji, hajitambui. Alizinduka, namshukuru Mungu na wauguzi wa zamu. Ushuhuda wake bado umo katika rekodi ya mkesha inayouzwa mlangoni kila Jumapili. Nimeiandikia kamati mara mbili nikiomba uondolewe. Sijajibiwa.